Mtoto Wangu Hachezi

Kaa hapo kwenye gogo, bibi. Mtumbwi wa kwenda Riba-Riba hauondoki kabla ngoma haijaisha. Wapiga kasia wote wako bomani kwa Mzungu, wanatazama wanawake, na mwanamume akishaanza kutazama viuno vya watu hakumbuki tena kama ana abiria. Nunua muhogo ule. Usiponunua, kaa vilevile, mimi sina neno. Goti langu limevimba, siendi ngomani siku hizi, na ukikaa peke yako kivukoni kutwa nzima unatafuta mtu wa kuongea naye.

Unaisikia? Mguu unakanyaga mara tatu, kisha kisigino kinasagwa udongoni, kama mtu anayeua siafu. Ndiyo maana hapa Kindu tunaiita ngoma ya siafu. Siku hizi kila mtu anaicheza. Wake wa Wagenya, wale wavuvi wa mto, wanaicheza, wake wa askari wanaicheza. Hata mabibi wa waungwana, wale waliokuwa wanatema mate wakisema hiyo ngoma ya washenzi wa porini, leo wanaicheza na shuka mpya kiunoni. Kila Jumapili bendera ya Bula Matari, serikali ya Wazungu, ikipanda, Mzungu anakaa kitini na wachezaji wanapewa chumvi. Anayewaongoza, huyo aliyeileta ngoma hapa, anaitwa Mwavita. Ukimwona utamjua: mrefu, kichwa kimenyolewa, haonyeshi meno. Mimi na yeye tunakaa nyumba moja. Ananiita mdogo wangu, mimi namwita yaya, yaani dada mkubwa. Watu wanasema hawajaona wanawake wawili wanaopendana hivi bila kutoka tumbo moja.

Lo! Wangejua.

Mwavita si jina lake. Alipozaliwa aliitwa Wabiwa, kwa Warega, kule juu ya mto Elila. Bwana Masudi ndiye aliyekuwa bwana wetu sote, mtu wa pembe za ndovu, nyumba yake ilikuwa pale unapoona ile migomba. Watu wake walikwenda Elila na bunduki, wakarudi na pembe chache na watu wengi. Bwana hakujisumbua na majina. Wanawake wote walioletwa na vita ile waliitwa Mwavita. Wenzake walikufa mmoja mmoja kwa kuhara, akabaki huyu, basi jina likawa lake peke yake.

Alikuja na mtoto wa kike, Wakilongo, wa miaka kumi na miwili hivi. Mume wake walimwacha amelala mlangoni mwa nyumba yake. Sijui aliitwa nani, sikuuliza.

Waliwekwa katika nyumba yetu sisi wanawake wa jikoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitekwa mdogo sana, nikakulia Nyangwe, na lugha ya mama yangu imenitoka yote. Lakini Kiswahili changu kimenyooka, unakisikia mwenyewe, na nilijivuna nacho. Nilikuwa nawacheka sana hao Warega. Walikuwa na maneno matano: kazi, maji, chakula, upesi, bwana. Mimi ndiye niliyewafundisha mengine. Nikichoka niliwafundisha matusi nikawaambia ni salamu. Mwavita alimwamkia mpishi kwa tusi la nguoni mwezi mzima, na adabu zote, ameinama. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Usinitazame hivyo. Kila mtu alikuwa anamcheka mtu pale.

Sasa shika neno moja, bibi, maana maneno yote yako hapo. Kucheza. Kulikuwa na nyampara, Sumaili, mtumwa kama sisi, ila yeye alipewa fimbo na bunduki, akasahau kwao. Shambani alikuwa anapita nyuma ya migongo yetu akipiga kelele: "Musicheze! Nyie munacheza na kazi? Wewe, unacheza?" Na kila alipolisema neno hilo, fimbo ilifuata. Kwa hiyo Mwavita alilijua neno kucheza kwa mgongo wake. Kucheza ni uvivu. Kucheza ni kupigwa. Na ile ya jioni, ile ya kukanyaga na kuzunguka, sisi tuliita ngoma, basi. "Mwavita, twende ngoma!" Hakuna aliyemwambia kwamba afanyacho ngomani nacho kinaitwa kucheza. Nani angemwambia? Mwalimu wake nilikuwa mimi.

Ngomani alikuwa mtu mwingine. Alasiri moja Bwana Masudi alikuwa na wageni wa kutoka Nyangwe, wanakula wali barazani, wapigaji wanapiga ovyo tu. Mwavita akawaendea, akawaonyesha kwa kiganja jinsi ya kupiga, akaingia kati na hiyo siafu yake. Bwana aliacha kula. Mgeni mmoja akauliza bei yake, Bwana akasema huyu hauzwi. Tangu hapo siku za wageni hakushika jembe.

Mtoto hakuna aliyemwona akicheza. Kwao, msichana haingii ngomani mbele ya wanaume mpaka mama yake amfunge njuga miguuni kwa mkono wake mwenyewe, na Wakilongo alikuwa bado. Alicheza nyuma ya nyumba yetu, kati ya jiko na jalala, bila ngoma, mama yake akimpigia makofi polepole watu wasisikie. Mimi niliona kwa tundu la ukuta. Mama yake alikuwa anacheza vizuri. Yule mtoto, bibi, sijui nisemeje. Nilisahau sufuria motoni ikaungua, nikapigwa kwa ajili yake. Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia kabisa, maana mimi nilikuwa mchezaji wa sita kati ya sita, mzito kama kinu, na nilijijua.

Ukaja mwezi wa msafara. Bwana anapeleka pembe pwani, na kila mwenye shingo anabeba. Kwenda pwani, wakati ule, ilikuwa kwenda kufa. Waliokwenda mwaka uliotangulia hatukumwona hata mmoja. Bwana akatoa amri: wabaki wanawake sita wanaocheza, kwa ajili ya wageni wake, wengine wote waende. Watano walijulikana, Mwavita wa kwanza. Wa sita Sumaili amchague mwenyewe. "Kama hakuna mzuri, chukua Safi," Bwana akasema. Safi ni mimi.

Asubuhi hiyo Sumaili akaingia uani na fimbo yake. Mwavita alikuwa anatwanga. Wakilongo alikuwa amekwenda mtoni kuteka maji. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, moshi umenifunika, mwiko mkononi. Sumaili akasimama mbele ya kinu.

"Huyu mutoto wako," akasema, "anacheza?"

Mwavita aliangusha mchi. Alisimama wima, mikono kifuani, uso umepauka.

"Hapana, bwana! Mutoto wangu hachezi!"

"Hachezi kabisa?"

"Kabisa, bwana! Hata siku moja! Mutoto wangu iko na kazi, hachezi." Akakimbia ukutani, akamwonyesha rundo la kuni alizopasua mtoto. "Ona, bwana. Yeye njo alipasua. Hachezi, hachezi."

Sumaili akazitazama kuni, akainua mabega. "Haya. Basi njo Safi."

Nilisikia kila neno. Nilielewa kila neno. Ilitosha niseme: Sumaili, hajakuelewa. Maneno mawili tu, na Kiswahili ninacho. Nikaendelea kukoroga bugali.

Mwavita akachukua jembe aende shamba. Aliponipita akanigusa bega, akacheka, na huyu ni mtu asiyecheka. Alikuwa amejibu Kiswahili kirefu peke yake, bila kufundishwa, na amemwokoa mwanawe na fimbo. Alikwenda zake akiimba.

Mtoto akarudi na mtungi kichwani. Sumaili alikuwa na kamba tayari. Alimtua mtungi kwanza, akauweka vizuri usimwagike, kisha akamfunga shingo na wale wengine. Wakilongo alikuwa amekwisha shika Kiswahili, watoto ni wepesi. Akauliza kwa nini, wakamwambia: wewe huchezi. Akaniona mlangoni.

"Dada Safi! Waambie! Mi najua kucheza, wewe ulinichungulia pale tunduni, waambie!"

Nilimsogelea, nikamwambia polepole asisikie mwingine: "Mama yako amekwisha sema."

Basi akacheza. Hapo hapo, kamba shingoni, bila njuga, bila ngoma, mbele ya wanaume wote wa ua. Mara tatu, kisigino. Mara tatu, kisigino. Wale waliofungwa naye wakawa wanavutwa huku na huku, mmoja akaanza kucheka. Sumaili aligeuka akaona watu wanacheka.

"Unanichezea mimi?" akasema. "Mimi, unanichezea?"

Akageuza bunduki akampiga kwa kitako, goti la kuume. Nilisikia mfupa. Akafikiri kidogo, akamfungia kijiti cha mpera kwenye mguu, akampa mzigo mdogo kuliko wa wenzake. Saa ya adhuhuri walikuwa wamevuka ng'ambo.

Mwavita alirudi alasiri. Akauona mtungi umejaa, akanywa, akaita. Akaita tena. Akaja jikoni.

"Wakilongo iko wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia watu wanasema Sumaili aliuliza kama anacheza, na wewe umesema hachezi.

"Eh, nimesema. Hachezi. Sasa kwa nini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia akiwa amelala. "Mudogo wangu, kucheza njo nini?"

Kulikuwa na namna nyingi za kumweleza. Mimi nilisimama katikati ya jiko, mwiko mkononi, nikakanyaga mara tatu, nikasaga kisigino.

"Njo hii," nikasema.

Hakulia. Aliziba mdomo kwa viganja viwili, akabana kwa nguvu, kana kwamba maneno yale bado yangeweza kurudishwa ndani. Kisha akakimbia mpaka hapa hapa kivukoni. Mitumbwi yote ilikuwa ng'ambo. Nilimfuata, sijui kwa nini, nikamkuta amesimama majini mpaka kiunoni.

"Wewe ulikuwa wapi walipomfunga?" akaniuliza.

"Nilikuwa mtoni, yaya."

Akanishika mkono. "Ungekuwa nyumbani, ungesema."

"Ningesema, yaya."

Tangu siku hiyo ndiyo akaniita mdogo wake wa kweli, si wa mdomoni. Mgeni wangu, kama unataka kuadhibiwa, pendwa na mtu wa namna hiyo.

Alimwomba Bwana ampeleke na msafara wa pili, amfuate mwanawe. Bwana alicheka: mchezaji wangu bora nimpe mzigo? Basi wageni walipokuja akacheza vibaya makusudi, miguu inaburuzwa, ili afukuzwe. Sumaili akampiga mpaka akacheza vizuri. Wageni wakasema hawajapata kuona mwanamke anayecheza hivyo, machozi yanamtoka na kiuno hakikosei. Walipenda hasa yale machozi. Baadaye Bwana akawa anauliza, leo mbona halii?

Haya, vita ya Bula Matari ikaja. Bwana Masudi akakimbia na bunduki zake, hatujui alipoishia. Tukaambiwa nyie ni watu huru, endeni kwenu. Sumaili? Wee! Sumaili unamsikia sasa hivi. Ile sauti inayopiga kelele kwa wachezaji wanyooshe mstari, njo yeye. Amevaa kofia nyekundu ya Bula Matari, fimbo ni ile ile.

Mwavita hakwenda kwao. Alisema wanaorudi kutoka mawio, upande wa pwani, wote wanapita mtoni, kwa hiyo atakaa mtoni. Akaanza kufundisha siafu. Alimfundisha kila aliyetaka, bure, mchana kutwa. Nilimuuliza faida yake nini, akasema: "Mutoto akipita na mutumbwi, atasikia. Atajua mama yake iko hapa." Akafundisha Wagenya, na Wagenya wakaipeleka Riba-Riba. Wake wa askari wakaipeleka Nyangwe. Maskini, alikuwa na furaha kila aliposikia imefika mbali.

Mwezi uliopita, Jumapili kama leo, mtumbwi ukatua ukitoka Nyangwe. Akashuka mwanamke na mkongojo, mguu wa kuume goti limegeukia ndani. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Yeye hakunijua. Nimenenepa, meno ya mbele hayapo, nina kilemba.

"Shikamoo, mama," akasema. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, cha pwani kabisa. "Zamani hapa kwa Bwana Masudi alikuwako mama mmoja wa Kirega, akiitwa Mwavita. Naisikia ngoma yake tangu tulipopinda mto."

"Hiyo?" nikasema. "Kila mtu anaicheza hiyo, mwanangu. Huko Nyangwe hukuiona?"

Akainamisha kichwa. "Niliiona. Kila tulipotua niliiona. Kila mahali nilishuka nikauliza."

Bomani ngoma ilikuwa inapigwa, kama unavyoisikia sasa. Mama yake alikuwa kule, pale tu, nyuma ya yale majani. Ukitembea na mkongojo, ni mwendo wa kumenya mihogo miwili.

"Mwavita alirudi kwao," nikasema. "Elila. Siku nyingi, vita ilipokwisha."

Unaniuliza kwa nini? Na mimi najiuliza. Angefika kwa mama yake, wangelia, wangekaa, na siku moja, kwa mazungumzo tu, mtoto angesema: lakini Safi alikuwako. Safi aliniambia mama yako amekwisha sema. Mimi sina mtoto, sina mume, sina lugha ya mama yangu. Nina mtu mmoja duniani anayeniita mdogo wangu. Nilikuwa na yaya huyo mkononi, nikambana asinitoke.

Alinishukuru. Alininunulia muhogo. Wapiga kasia wake walikuwa na haraka, akashikwa mkono akapanda. Akakaa, akaunyoosha ule mguu mbovu, na mguu wake mzima ukaanza wenyewe, chini ndani ya mtumbwi, kwa ngoma ya mama yake. Mara tatu, kisigino. Mtumbwi ulikuwa bado karibu, ningemrushia muhogo ungempata. Nilifunga mdomo wangu kama nilivyoufunga jikoni.

Ngoma ilipokwisha Mwavita akaja, jasho linamtiririka, chumvi yake imefungwa kwenye pindo la nguo. Akaniuliza kama anavyouliza kila siku: "Kuna muntu alipita?" Nikasema hakuna. Akaigawa chumvi mafungu mawili, akanipa mimi lile kubwa. Nikaila, bibi. Chumvi ni chumvi.

Sikiliza, wameacha kupiga. Wapiga kasia wako hao wanashuka. Ulisema unashukia wapi? Mlangoni mwa Elila?

Elila.

Basi huko ukimwona mwanamke kijana, anachechemea, mguu wa kuume, anauliza watu habari za mama yake, mwambie... Mwambie kwamba Kindu...

Hapana. Usimwambie kitu. Chukua muhogo huu, usinilipe, ule njiani. Na sasa nyamaza, huyo anakuja.

"Pole na ngoma, yaya."

"Asante, mudogo wangu. Huyu nani?"

"Msafiri tu, anangoja mtumbwi."

"Hakuna muntu mwingine alipita?"

"Hakuna, yaya."

"Haya. Kesho. Shika chumvi yako."